Karatasi ya damu inasema asile mayai, bibi yake anampa kwa siri. Nifuate nani?

Anti shikamoo,

Naomba usinitaje jina wala mtaa, maana wifi yangu anasoma sana safu hizi na akisoma anamsomea mama mkwe. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar, mume wangu ni dereva wa malori kwahiyo wiki hii yupo wiki ijayo yuko Tunduma anasubiri kuvuka. Shida yangu ni huyu mdogo, wa kiume, ana miaka miwili na nusu.

Anti huyu mtoto tangu ana miezi minne ngozi haijawahi kutulia. Nyuma ya magoti, kwenye viwiko, shingoni, panakauka panapasuka anajikuna usiku mpaka asubuhi shuka lina madoa ya damu. Hospitali waliniambia ni pumu ya ngozi, wakapima damu wakasema IgE iko juu, ilikuwa 480, daktari akasema huyu ana aleji basi akaandika dawa ya kupaka na setirizine ya kuzuia muwasho tukaondoka, sikuambiwa ni aleji ya nini. Nimepaka mafuta ya nazi, ya mnyonyo, kuna krimu niliuziwa Kariakoo kwenye kikopo hakina hata jina ilimtakatisha siku chache halafu upele ukarudi mkali zaidi ya mwanzo.

Sasa mwezi wa tatu rafiki yangu wa vikoba akanielekeza kituo kimoja wanapima aleji kwa damu. Wanamtoboa mtoto kidole, tone linawekwa kwenye kikaratasi, baada ya wiki mbili unatumiwa majibu WhatsApp. Nililipa 280,000, hela ya mchezo wangu yote. Majibu yalikuja kurasa nane za rangi, vyakula zaidi ya tisini, juu imeandikwa IgG. Nyekundu: maziwa ya ng'ombe, mayai ute na kiini, ngano, karanga, nyanya, dagaa. Njano: mchele, ndizi, maharage. Kijani vingine vyote. Yule mshauri wao akasema nyekundu vyote nitoe miezi sita, njano mara moja kwa wiki, ninunue na virutubisho vyao 95,000 kila mwezi, halafu tunapima tena kwa kifurushi cha pili. Akaniambia pia niache sabuni zenye harufu na nimpake vaselini mara tatu kwa siku akiwa bado na maji maji ya kuoga.

Nilifuata yote. Na kweli mwezi wa kwanza ngozi ilitulia, usiku analala. Ila kula ndo imekuwa vita. Uji wa lishe nilikuwa naweka karanga na maziwa, sasa hivi ni ulezi na maji na sukari, mchana ugali na mchicha, mihogo, nyama kidogo siku ikipatikana. Mwezi wa tatu alikuwa na kilo 11.6, mwezi huu wa saba nesi kampima 11.1, akaniuliza mama unamlisha nini huyu, nikamuonyesha ile karatasi kwenye simu akatikisa kichwa tu akaendelea na foleni.

Mwezi wa tano mama mkwe kaja kutoka Newala kukaa na sisi. Nikamuonyesha karatasi nikamuelekeza, akasema ndiyo mwanangu nimesikia. Kumbe hajasikia lolote. Juzi nafagia nyuma ya jiko nakuta maganda ya mayai yamefungwa vizuri kwenye gazeti. Namuuliza ananijibu mbele ya dada wa kazi, "Nampa tangu nimefika, kila nikichemsha langu nampa nusu, umemuona kafa? Nimelea watoto sita, hakuna hata mmoja aliyepimwa damu ndo apewe yai." Anti nilitetemeka. Nampigia mume wangu ananiambia mama yake hajakosea, mi ndo nimeenda kutapeliwa laki tatu na mtoto nimemkondesha. Tumegombana kwenye simu, mpaka leo tunaongea ya watoto tu.

Na nina ushahidi kwamba mayai ya bibi yanamdhuru. Wiki mbili zilizopita walikuwa wamekaa barazani anabanguliwa korosho zile alizokuja nazo, alikula kama nne, hapohapo akaanza kujifikicha midomo, ikavimba, akatoka mabaka kifuani na kutapika mara mbili. Tukampa piriton akalala, alivyoamka yuko sawa. Wifi akasema zilikaangwa na mafuta ya zamani. Nikafungua karatasi nikaona korosho ni kijani kabisa, kwahiyo nikajua ni sumu ya mayai imejikusanya. Mwanzoni alipokuja bibi alishamlambisha unga wa korosho ikatokea hivyohivyo kidogo, vipele mdomoni, tukajua joto.

Sasa Anti nifanyeje? Nimwambie mume wangu mama yake arudi Newala mpaka miezi sita iishe? Au nimchukue mtoto niende kwa mama yangu Morogoro nimlishe ninavyotaka? Nilipe kifurushi cha pili ili niwaonyeshe wote kwamba sikukosea? Dada yangu ananiambia achana na karatasi mlishe mtoto kila kitu kuanzia kesho. Mi naogopa.

Mama wa wawili, Dar

JIBU

Marahaba mwanangu. Kabla hatujafika kwa mama mkwe, soma hapa kwanza halafu ndo uendelee. Korosho zitoke kwenye hiyo nyumba. Zile za kukaanga, unga wake, kashata zake, zote, mpaka mtoto aonwe na daktari. Na mwambie bibi, dada wa kazi na yule mkubwa kwamba ikitokea tena mtoto kavimba mdomo halafu anapumua kwa shida, sauti imekauka, anatapika mfululizo au amelegea, hapo hakuna kulazwa na piriton, ni hospitali muda huohuo. Piriton inatuliza muwasho na mabaka, koo linaloziba haifungui, kazi hiyo ni ya sindano ya adrenalini.

Nimeanza na hilo kwa sababu kwenye barua yako yote ndefu umelipitisha haraka kuliko yote, umelileta kama ushahidi dhidi ya mayai. Nikikusoma vizuri unaniambia hivi: una mtoto ngozi imemtesa tangu mchanga, umehangaika peke yako huku mume yuko njiani, ukapata karatasi ambayo angalau ilikupa jibu, sasa nyumba nzima imegeuka kuwa karatasi dhidi ya bibi, na mtoto katikati anapungua kilo. Na unataka nikwambie nani kashinda. Mwanangu, nikiangalia naona karatasi imekosea na bibi naye hayuko salama, kwahiyo hata nikitaka kumpa mtu ushindi sina wa kumpa.

Tuanze na karatasi. Umeandika mwenyewe kwamba juu imeandikwa IgG. Hospitali walipima IgE. Herufi moja tu lakini ni vitu viwili tofauti kabisa. IgE ndiyo kinga ya mwili inayohusika na ile aleji ya haraka, mtu anakula, dakika chache midomo inavimba, mabaka, kutapika, kifua kinabana. Iligunduliwa miaka ya 1960, mke na mume Wajapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakiwa Marekani, na kundi lingine kule Uppsala, Sweden, na vipimo vya damu vya aleji vinavyotumika hospitali vimetokana na ugunduzi huo. IgG ya chakula yenyewe mwili unaitengeneza kwa sababu tu umekutana na hicho chakula. Ni kama daftari la mlinzi getini, linakuonyesha nani kaingia, halikwambii nani kaiba. Ndiyo maana nyekundu zako zote ni vile vitu mtoto alivyokuwa anakula kila siku, maziwa, karanga za kwenye uji, dagaa, nyanya za mchuzi. Na korosho ikawa kijani, inawezekana kabisa ni kwa sababu mpaka mwezi wa tatu alikuwa hajaizoea, bibi alikuwa hajafika. Chama cha madaktari wa aleji wa Ulaya kilishatoa tamko mwaka 2008 kwamba vipimo hivi vya IgG visitumike kutafuta aleji ya chakula, na wenzao wa Marekani na Kanada wakasema hivyohivyo. Lakini vinauzwa dunia nzima, London vipo, Nairobi vipo, kwahiyo usijione mshamba wewe peke yako.

Najua utaniambia lakini Anti ngozi ilitulia. Sibishi, ilitulia. Ila naomba ujiulize, mwezi ule ulibadilisha chakula tu? Mwenyewe umesema uliacha sabuni ya harufu na ukaanza kumpaka vaselini mara tatu ngozi ikiwa mbichi. Hiyo ndiyo tiba ya msingi ya pumu ya ngozi popote unapokwenda, na watoto wengi wenye ngozi hii chakula sicho kinachowaanzishia. Na bibi amekuwa akimpa yai tangu mwezi wa tano, barua yako haijasema ngozi iliharibika tena mwezi wa tano. Au iliharibika? Wewe ndo unajua. (Ile krimu ya kikopo kisicho na jina itupe mwanangu. Nyingi ya hizo zina steroidi, dawa kali ya kutuliza ngozi, hazijaandikwa, ndiyo maana zinatakatisha haraka halafu zinaacha balaa.)

Sasa tuje kwa bibi na yai lake. Alichofanya sikipendi, nitakwambia kwa nini, lakini bila kujua amekupa taarifa ambayo laki mbili na themanini haikukupa. Hospitali zenye wataalam wa aleji, wakitaka kujua kwa uhakika, wanamkalisha mtoto kitandani, dawa za dharura ziko pembeni, wanampa chakula kidogo kidogo wanaongeza huku wanamwangalia. Hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, damu inakuja nyuma yake. Bibi kafanya hivyo barazani bila dawa wala daktari. Yai la kuchemsha miezi miwili, hakuna kuvimba, hakuna mabaka. Korosho mara mbili, mara zote mbili mdomo, na ya pili kali kuliko ya kwanza. Hakuna sumu ya mayai inayojikusanya wiki na wiki ikasubiri korosho ndo ilipuke. Aleji ya aina ile inafuata kilicholiwa muda huohuo, kawaida ndani ya dakika chache mpaka masaa mawili.

Ile IgE ya 480 nayo isikutishe wala isikutulize. Hiyo ni jumla yake yote, haisemi aleji ya nini. Watoto wenye pumu ya ngozi huwa nayo juu, na minyoo peke yake inaweza kuipandisha, kichocho pia, kwahiyo kwa mtoto wa huku kwetu namba hiyo ikisimama peke yake haina maneno mengi. Alipewa dawa ya minyoo lini mara ya mwisho? Liulize hilo kliniki.

Sasa upime tena au usipime? Kuna kipimo cha damu chenye maana, kinaitwa IgE mahsusi, wanapima kinga dhidi ya kitu kimojakimoja. Wanachukua damu ya mshipa, na uzuri wake hakisumbuliwi na setirizine anayotumia wala ngozi iliyoharibika, tofauti na kile cha kudonolea matone kwenye mkono ambacho lazima dawa hizo zisimame siku kadhaa kwanza. Majibu yanakuja na namba, mara nyingi utaona wameweka mpaka wa 0.35. Ukiona imezidi hapo usikimbilie kulia. Namba ikipanda uwezekano wa aleji unapanda, lakini haikwambii akila atavimba kiasi gani, na wapo watoto wengi damu inasema ndiyo huku wanakula hicho kitu kila siku salama. Ghana watafiti walikuta watoto wa shule, hasa wenye kichocho, damu zao zina IgE ya karanga na karanga wanakula bila tatizo. Kwahiyo hatari ya kipimo kizuri ni ileile ya kipimo kibaya ukikinunua kwa kifurushi, omba vyakula hamsini utapata nyekundu nyingine nyingi na uji utabaki maji na sukari tena. Anayejua kukitumia anakusikiliza kwanza, mtoto alikula nini, baada ya dakika ngapi, ilikuwaje, halafu anapima vichache tu. Kwa hadithi yako nadhani angeanza na korosho na pengine karanga, lakini hilo nimuachie yeye.

Dada yako anasema mlishe kila kitu kuanzia kesho. Naelewa anakotokea, kilo 11.1 kwa mtoto wa miaka miwili na nusu si za kuchezea na yule nesi hakutikisa kichwa bure. Ila kuna jambo dada hajui. Mtoto mwenye ngozi hii ukimtoa kwenye chakula alichokuwa anakula vizuri, muda ukiwa mrefu mwili unaweza kukisahau, siku ukimrudishia akapata aleji ya haraka ambayo hakuwa nayo. Haiwapati wote, lakini inatokea, na maziwa na karanga ametolewa tangu mwezi wa tatu. Karanga ndo nina wasiwasi nayo zaidi kwa sababu hii ya korosho. Halafu na kuendelea kumnyima miezi mingine miwili kumalizia ile sita nako kuna hatari zake, uzito, damu, mifupa, na huko kusahau kwenyewe. London walifuatilia watoto wachanga 640 wenye pumu ya ngozi kali au aleji ya yai, majibu yakatoka 2015: walionyimwa karanga mpaka miaka mitano, kama 17 katika kila mia walipata aleji yake, waliolishwa mapema ni 3 tu. Miaka mingi kabla ya hapo wazazi walikuwa wanaambiwa kinyume chake. Mchele, ndizi, maharage, nyanya, hivyo ulivyovibana bila yeye kuwahi kudhurika navyo sioni cha kuvisubirisha sana, ila maziwa, karanga, ngano na dagaa mtangulize daktari, hata kwa wiki hizo chache, akwambie kipi unarudisha nyumbani na kipi mbele yake. Yai anakula tayari, mweleze hivyohivyo. Muhimbili kuna kliniki ya ngozi na ya watoto, na KCMC Moshi wana kituo cha ngozi cha tangu 1992, ukiwa huku anza na daktari wa watoto yeyote aliye karibu akuandikie rufaa. Nenda na kadi ya kliniki, na picha ukiwa nazo za ile siku mdomo umevimba.

Haya, mama mkwe. Ukimrudisha Newala utapata utulivu wa jikoni, na utakuwa umempa mume wako neno la kukwambia miaka ishirini. Ukienda Morogoro mtoto utamlisha peke yako, lakini utaenda na karatasi ileile na hofu ileile, na mama yako naye ni bibi, sijui kama maganda hayataanza kufichwa na huko. Au unaweza kukaa naye, baba wa mtoto akiwa nyumbani, sio kwenye simu ya barabarani. Mimi nisingeanza na "ulinidanganya", ingawa alikudanganya kweli. Ningeanza na lile ambalo hata yeye limemtisha, maana nina uhakika siku ile barazani mdomo unavimba mkononi mwake hakulala. Mwambie mama, inawezekana yai ulikuwa sahihi. Liseme hilo, hata kama linakukwama. Halafu mwambie na la pili, kwamba mtoto akivimba wewe uko kazini na yeye alimpa kitu kwa siri, daktari atauliza kala nini na hakuna atakayejibu. Siri ndiyo inayonitisha kuliko yai lenyewe. Watoto sita amelea kweli, na pengine hakuna hata mmoja aliyekuwa na hii ya korosho, ndo maana haijui.

Anaweza kukataa. Wapo wazee hawaelewi mpaka wasikie kwa mwenye koti jeupe, ndiyo maana ningependa hata yeye aende kliniki siku hiyo, aeleze kwa mdomo wake yai anampa kiasi gani na korosho zilikuwaje. Daktari atamhitaji kuliko anavyokuhitaji wewe, yeye ndo alikuwepo.

Na mume. Anaposema umetapeliwa anaongea kuhusu hela, wewe unasikia anakwambia wewe mama mbaya, nadhani mnagombana vitu viwili kwenye simu moja. Ulilipa kwa sababu hospitali walikwambia "ana aleji" wakakuacha hapo, mtu yeyote angetafuta mbele. Kifurushi cha pili kitakupa rangi zingine, na zikitoka tofauti na za kwanza utafanyaje? Hiyo 95,000 ya mwezi huu ungeiuliza na yeye, labda inatosha nauli, daktari na kipimo cha vitu viwili vya maana, labda mtaamua vingine, ila muamue akiwa ameisoma ile karatasi na wewe mstari kwa mstari, maana inaonekana hajawahi kuifungua.

Ukipata tarehe ya daktari niandikie tena, uniambie na uzito wa mwezi wa nane.

Anti